KABLA YA BARUA YA ONYO, KAGUENI CHOMBO



Mimi si mtu wa kompyuta. Shule niliishia darasa la saba, na kazi niliyojifunza ni ya cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Jinja. Nilishona pale miaka tisa kabla ya wenzangu kunichagua nishughulikie mambo ya chama. Kwa hiyo msishangae mkiona ninaandika habari za vijana wanaotunga programu za kompyuta. Naandika kwa sababu mwanzoni mwa mwaka 2024 jambo moja dogo ndani ya kompyuta lilitaka kuwafukuzisha kazi wanachama wetu watatu hapa Kampala, na mimi mwenyewe, kwa haraka yangu, nusura nilivuruge kabisa.

SHAURI LENYEWE

Kampuni moja ya hapa mjini inatunga programu za kutunza hesabu za maduka na karo za shule. Watunzi wake ni kumi na wawili, na lugha ya kompyuta wanayoitumia inaitwa Python. Mwezi wa Januari kampuni ilinunua mashine tatu mpya, ikawapa wafanyakazi watatu: binti mmoja na vijana wawili wa kiume. Tisa waliobaki waliendelea na mashine za zamani.

Kufika katikati ya Februari, kazi ya wale watatu ilikuwa imeshuka karibu nusu. Kila mmoja akapewa barua ya onyo kwa "uzembe". Yule binti, kwa kuwa alichelewesha kazi mara mbili, akaandikiwa na barua ya pili ya kumwita mbele ya wakubwa ili ajieleze kwa nini asiachishwe kazi.

Alikuja ofisini kwetu jioni, barua zote mbili mkononi. Nikamkaribisha kiti, nikamwuliza shida ni nini hasa. Akasema, "Mzee, mashine imeninyamazia."

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtoto. Naye akanieleza vizuri, na maelezo yake ndiyo haya.

MASHINE INAYONONG'ONA

Mtu anayetunga programu huandika ndani ya kihariri, yaani daftari la kompyuta lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Wao pale wanatumia kile kiitwacho Visual Studio Code, kilichotolewa na Microsoft mwaka 2015. Kihariri kikiwa kizima, hakikai kimya. Ukiandika jina la kitu kisha ukaweka nukta, papo hapo inashuka orodha ya mambo yote ambayo kitu hicho kinaweza kufanya. Kwa mfano, ukiwa na jina la mwanafunzi, orodha itakupa upper la kuligeuza liwe herufi kubwa, strip la kuondoa nafasi za pembeni, replace la kubadilisha herufi, na mengine mengi. Unachagua, unaendelea. Hayo ndiyo wanayoyaita mapendekezo.

Mkubwa wa kampuni aliniambia baadaye kwamba mtunzi hodari hahitaji mapendekezo, na kwamba vijana wa siku hizi wanataka mashine iwafanyie kazi. Ndugu zangu, hilo ni neno la mtu ambaye hajakaa kwenye kiti kile. Programu haitungwi kwa maneno ya lugha tupu. Inatungwa pia kwa maktaba za watu wengine, na kila maktaba ina majina yake. Yule binti alikuwa anatumia maktaba iitwayo openpyxl, inayosoma faili za Excel. Jina la kufungulia faili humo ni load_workbook, pamoja na ule mstari mdogo wa chini katikati. Ukisahau ule mstari, programu inakataa, tena haikatai wakati unaandika bali wakati wa kuiendesha. Mtu mwenye mapendekezo anachukua jina kwa nukta moja. Asiye nayo anatafuta kila jina kwenye maelezo, analinakili, anajaribu, anarudi. Fanya hivyo mara mia kwa siku, kisha uone kama kazi haitashuka.

Wala tusichanganye mambo. Siku hizi kuna msaada mwingine wa akili bandia, kama GitHub Copilot iliyotangazwa mwaka 2021, ambao huandika mistari mizima kwa rangi ya kijivu ukiwa umeunganishwa na intaneti. Hao watatu hawakuwa wakidai huo. Wao walidai kile chombo cha kawaida ambacho wenzao tisa walikuwa nacho chumba kilekile.

KOSA LANGU

Niliposikia kwamba wenye mashine za zamani wanayo mapendekezo na wenye mashine mpya hawana, damu ilinipanda. Usiku uleule niliandika barua kali kwa kampuni. Nilisema uongozi umeondoa chombo cha kazi kwa makusudi ili upate sababu ya kupunguza watu. Asubuhi niliipeleka mwenyewe kwa mkono.

Majibu yalikuja siku hiyohiyo, mstari mmoja tu: chama kionyeshe nani aliondoa nini, lini. Nikakaa kimya. Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeiona hata hiyo mashine kwa macho yangu.

Ndipo nilipokumbuka kiwanda. Kule cherehani inaporuka mishono, msimamizi mbaya humgombeza mshonaji, na mshonaji mwenye hasira humlaumu msimamizi. Fundi wa mashine hafanyi lolote katika hayo mawili. Anatoa uzi na kuupitisha upya. Ikikataa, anatazama sindano kama imepinda au imewekwa vibaya. Ikikataa, anapima kukazwa kwa uzi. Kufungua mashine ni jambo la mwisho. Anaanza na lililo rahisi na anagusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, ili ikipona ajue kilichoiponya.

Nilimwuliza yule binti kama alifanya hivyo. Akacheka kwa uchungu. "Hapana, Mzee. Usiku ule wa kwanza nilibadilisha mipangilio kumi kwa mpigo, nikashindwa hata kukumbuka nilipoanzia."

Tukaomba siku ya kujieleza isogezwe mbele. Hatukuomba hisani. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa au kwa kazi hafifu, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi anayo haki ya kuwa na mtu mwingine anayemchagua mwenyewe. Tena lazima apewe muda wa kutosha kutayarisha majibu yake. Tukapewa siku nne. Jioni mbili tulikaa kwenye mashine yake baada ya saa za kazi, yeye akibonyeza, mimi nikiuliza na kuandika katika daftari la shule.

TULIVYOKAGUA

Kwanza tulitazama kama kihariri kinajua lugha inayoandikwa. Chini kabisa upande wa kulia wa kioo pana jina la lugha. Kama pameandikwa "Plain Text", kihariri kinadhani unaandika barua ya kawaida, hakiwezi kupendekeza mambo ya Python. Mara nyingi sababu ni kuhifadhi faili bila .py mwishoni mwa jina lake. Kwake pameandikwa Python. Hapo pazima.

Pili tuliyaita mapendekezo kwa mkono. Unashika kitufe cha Ctrl na kubonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi. Kipimo hiki ni kizuri sana. Orodha ikija ukiita lakini haiji yenyewe, basi ipo salama, isipokuwa mtu ameizima katika mipangilio. Isipokuja kabisa, ugonjwa uko ndani zaidi. Wenye mashine za Mac wajue kwamba vitufe hivyo huenda vimeshikwa na mashine yenyewe kwa kazi ya kubadilisha lugha ya kuandikia, basi wasidanganyike.

Kwake orodha ilikuja, lakini ilikuwa ya ajabu. Ilileta maneno yaleyale aliyokwisha kuyaandika katika faili ile, kila moja na alama ndogo ya abc ubavuni. Binti akasema, "Hayo si mapendekezo, Mzee. Hapo inanirudishia maneno yangu mwenyewe kama kasuku."

Hapo ikabidi anifundishe jambo moja kubwa. Kihariri chenyewe hakijui Python. Nyuma yake kuna programu nyingine, wanayoiita seva ya lugha, ambayo inasoma kazi yako yote na kukinong'oneza kihariri majina. Mwaka 2016 Microsoft pamoja na Red Hat na Codenvy walitangaza utaratibu mmoja wa vihariri na seva hizo kuzungumza, na tangu hapo vihariri vingi vimeufuata. Kwa Python, mnong'onezaji katika kihariri hiki ni kiendelezi kiitwacho Pylance. Kwa hiyo swali letu likawa: mnong'onezaji yupo? Kama yupo, amezibwa mdomo? Kama hakuzibwa, anaona maktaba zetu?

Tatu, basi, tulitazama viendelezi. Cha Python kilikuwapo na Pylance ilikuwapo. Tukatazama pia katika mipangilio, pale pa kuchagua seva ya lugha ya Python, maana mtu akichagua "None" hapo, amemfukuza mnong'onezaji. Hapakuwa na kosa.

Nne tuliona utepe juu ya kioo ambao yeye alikuwa ameuzoea mpaka hauoni tena. Umeandikwa "Restricted Mode". Tangu mwaka 2021 kihariri hiki, kikifungua folda ngeni, huuliza kama unawaamini walioiandika. Ukisema huwaamini, kinafunga baadhi ya shughuli kwa usalama, na msaada wa Python unabaki wa kipande tu. Mashine mpya haikuzijua folda za kazi, ikauliza. Na kampuni ilikuwa imebandika tangazo ukutani kwamba mfanyakazi asikubali kitu chochote ambacho kompyuta inamwuliza. Binti alitii tangazo. Folda ilikuwa ya kampuni yenyewe, imeandikwa na yeye na wenzake, kwa hiyo tuliiamini. Mapendekezo ya Python yenyewe yakaanza kushuka. Binti akapiga makofi. Lakini alipoandika openpyxl na nukta, kimya.

Tano ndipo tulipoukuta mzizi. Chini ya jina la maktaba ile palikuwa na mstari wa mawimbi wa rangi ya njano, na ujumbe kwamba maktaba haikupatikana. Kazi ya Python mara nyingi huwa na chumba chake cha zana, kwa kawaida folda iitwayo .venv, na ndani yake mnakaa maktaba za kazi hiyo pamoja na njia ya kumfikia mkalimani, yaani Python yenyewe. Kihariri lazima kiambiwe kitumie mkalimani yupi. Unashika Ctrl na Shift, unabonyeza P, unaandika "Python: Select Interpreter", unachagua. Tulipofanya hivyo na kujaribu kumwamsha, mashine ilijibu kwamba hakuna Python mahali pale.

Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wamenakili."

Nani alinakili nini? Walioleta mashine mpya walichukua folda zote za kazi kutoka mashine ya zamani, wakazimwaga katika mpya, chumba cha zana kikiwamo. Lakini chumba hicho hakihamishiki. Ndani yake imeandikwa anwani kamili ya mahali Python ilipokaa katika mashine ya zamani. Katika mashine mpya Python ilikaa mahali pengine. Ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba aliyokwisha kuhama.

Dawa yake si ngumu. Unafuta chumba kile, unajenga kipya kwa amri python -m venv .venv, unaingia ndani yake na kupakua maktaba upya kwa kufuata orodha iliyo katika faili ya requirements.txt, unamchagua mkalimani mpya, kisha unafungua dirisha upya. Nusu saa imekwisha. Lakini maktaba hupakuliwa kutoka ghala la Python katika intaneti, liitwalo PyPI, na katika mashine mpya kampuni ilikuwa imelifunga ghala hilo. Mfanyakazi hakuwa na ruhusa ya kulifungua.

Basi jibu la ile barua ya mstari mmoja nikawa nalo. Hakuna aliyeondoa kitu kwa makusudi, na hapo mimi nilikosea. Lakini mwajiri alileta chombo kibovu, akafunga njia ya kukitengeneza, kisha akamwandikia onyo aliyekuwa akikitumia.

SIKU YA KUJIELEZA

Nilianza kwa kuiondoa barua yangu ya kwanza mbele ya wote. Si jambo tamu, lakini lilitufaa, maana baada ya hapo wakubwa walitusikiliza. Kisha nikaomba maelezo yafanyike kwenye mashine, si kwenye karatasi.

Fundi wa mtandao wa kampuni alifungua ghala kwa muda. Binti akafuta, akajenga, akapakua, akachagua mkalimani. Akaandika openpyxl, akaweka nukta. Orodha ikashuka, na load_workbook imo. Mkubwa aliinama kutazama, akamwuliza fundi wake, "Na hizi mashine mbili nyingine?" Fundi akajibu kwamba zilinakiliwa vilevile.

Wakaenda kwa kijana wa pili, wakatengeneza, ikapona. Wakaenda kwa wa tatu, wakatengeneza, haikupona. Nikahisi jasho. Binti akashika Ctrl na kitufe cha nafasi, orodha ikaja. Akaiachilia, ikawa haiji yenyewe. Kwa daftari letu nilijua maana yake kabla hajasema: mtu ameizima katika mipangilio. Kijana mwenyewe akakiri kwamba aliizima mwezi wa Januari kwa sababu ilikuwa inamletea upuuzi na kumfunika mistari, akasahau, na baadaye akaogopa kusema.

Mkubwa akanitazama. Ningeweza kupinda maneno. Lakini chama kinachosema uongo leo kumwokoa mmoja, kesho hakitaaminiwa kikiwatetea kumi. Nikasema, "Hilo la kuizima ni lake. Lile la chumba cha zana ni lenu. Pimeni yote mawili." Barua za wale wawili zilifutwa. Ya kijana wa tatu iligeuzwa kuwa ushauri wa mdomo, naye akaukubali.

Hatukupata yote. Wale watatu walikosa nyongeza ya mwezi wa Februari kwa sababu ya kazi iliyoshuka, na hadi tunaandika haya madai hayo bado yako mezani. Hatujayaacha. Lakini tulipata mapatano mawili ya maandishi. La kwanza, mashine mpya ijaribiwe na mfanyakazi atakayeitumia kabla ya kupewa kazi ya kuhesabiwa. La pili, mfanyakazi akiripoti chombo kibovu kwa maandishi, chombo kikaguliwe kwanza kabla ya onyo lolote kuandikwa.

TUNAJIFUNZA NINI

Ndugu zetu wa Nairobi, Kigali na kwingineko mnaofanya kazi za namna hii, daftari letu liko hapo juu, lichukueni. Likumbukeni kwa ufupi: jina la lugha chini ya kioo; kuita kwa mkono; viendelezi; utepe wa kutoaminiwa; mkalimani na chumba chake. Yote yakikataa, fungueni dirisha upya, amsheni seva ya lugha upya, na soma kumbukumbu zake katika sehemu ya "Output", maana mara nyingi huandika yenyewe kinachoisumbua. Mkishuku kwamba kiendelezi kimoja kinamgombanisha mwingine, kihariri hiki kina amri ya "Start Extension Bisect" inayozima nusu ya viendelezi kwa zamu mpaka mwenye kosa apatikane. Gusa kimoja, jaribu, andika. Ndipo uguse cha pili.

Na siku ya kwanza chombo kinaponyamaza, ripotini kwa maandishi. Wale watatu walilalamika kwa mdomo tu, na maneno ya mdomo yalipotea. Laiti pangekuwa na karatasi moja ya Januari, barua za Februari zisingeandikwa.

Kwa sisi viongozi wa matawi, nami wa kwanza, funzo ni fupi. Tusikimbilie kalamu kabla ya kuiona mashine. Mwanachama akikuambia jambo usilolijua, usione aibu, mwambie akueleze kama mtoto, kisha kaa naye. Elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini swali la fundi cherehani lilitosha: uzi umepita wapi?

Umoja ni nguvu.